Senti ya Mama kwenye Ungo

Pakiti ya sarafu za benki haifunguliwi kwa meno. Nasema hivi kwa sababu nilijaribu, na jino langu lililokuwa likilegalega likaona hiyo ndiyo nafasi yake ya kuondoka. Unakata ukingo wa plastiki kwa mkasi, unamwaga sarafu kwenye ungo, unapepeta kidogo, kisha unapitisha vidole kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Ungo huo nilikuja nao Durban kutoka Tanga, nikachekwa njia nzima. Walionicheka waje sasa waone kazi yake.

Sikuwa natafuta utajiri. Nilikuwa natafuta senti ya mama yangu, ya enzi za Mwingereza, yenye tundu katikati. Kwetu mtoto akitimiza arobaini ananyolewa, anafungwa senti ile kiunoni kwa uzi mwekundu, anapigwa picha, kisha inavuliwa inamngoja mwenzake. Nimeivaa mimi, ameivaa dada yangu, wameivaa wanetu wote. Mama alipofariki aliniachia mimi, kitinda mimba, na dada hajanisamehe mpaka leo. Ilikaa jikoni kwetu Sydenham, imeshonewa kitambaa, ndani ya kikombe kisicho na mkono, kwenye rafu ileile ninapoweka kopo la mauzo. Nauza chapati kwa madereva wa malori kule bandarini, kwa hiyo sarafu kwangu hazikauki.

Siku binti yetu alipopiga simu kutoka Westville kusema ni mjamzito, nilipika pilau la kufuru. Katikati ya furaha kishikio cha mfuniko wa sufuria kubwa kikang'oka. Mume wangu akakifunga palepale, tukala. Yeye ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na watu wa Buyenzi ukiwapa skrubu moja na nusu saa watakurudishia gari zima.

Kesho yake nilipeleka mauzo benki, nikarudi, nikaenda kwenye kikombe niitoe senti niisafishe. Kitambaa kilikuwa kimeoza na kupasuka, na ndani hamna kitu. Nikajua mara moja: imedondokea kwenye kopo, na kopo nimelimwaga benki kwa mikono yangu mwenyewe.

Benki wakasema hawajaona kitu, wanaohesabu si watu, ni mashine. Nikawaambia mashine yao haina mama. Nikatoka nimefura, lakini akili ilikuwa inafanya kazi. Kilichoingia benki ile kitatoka benki ile. Nikaanza kuchukua sarafu zao pakiti kwa pakiti, nazipekua, nazirudisha, nachukua nyingine. Ukiweka wanakata ada, ukitoa wanakata ada, yaani nilikuwa nalipia kutazama. Msichana wa dirishani, Mzulu mpole, akaniuliza kama nimefungua kasino. Nilipomsimulia akasema eish, mama, na tangu hapo akawa ananichagulia pakiti zilizochakaa zaidi, kana kwamba uzee wa plastiki ungesaidia.

Mume wangu naye akaingia kazini. Arobaini za wanetu zilifanyika Tanga yeye hayupo, kwa hiyo alikuwa hajawahi kuiona senti nje ya kitambaa chake, akaniuliza ikoje. Nikamwambia ni kubwa, nzito, ya manjano, inang'aa. Ndivyo nilivyoikumbuka tangu utotoni. Basi kila jioni akitoka gereji ananawa, anavuta ungo magotini, anapekua. Kwanza alikuwa ananisaidia. Baadaye akanogewa. Akaokota sarafu moja ya randi tano, ya ukumbusho, yenye picha isiyo ya kawaida, na fundi mwenzake akamtia maneno kwamba kuna watu wanazinunua hizo kwa bei ya kutisha. Akaivingirisha kwenye pamba, akaiweka ndani ya kiberiti kitupu, akatangaza kwamba hiyo ndiyo tiketi yetu ya kwenda Tanga. Sikuruhusiwa hata kuigusa. Nikamuuliza anatafuta yake au yangu. Akasema anatafuta zote.

Tumbo la binti likazidi kukua, na dada yangu kila Ijumaa ananipigia simu ya video, anataka aione senti. Mtandao wa Durban ukawa hodari wa kukatika kila akiitaja. Mtoto alipozaliwa, wa kike, mzima kabisa, sikuwa na pa kukimbilia tena, nikamwambia ukweli. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandalia na ya kujibu. Akasema kwa upole tu, "Mama alikupa kitu kimoja cha kutunza." Akakata. Nililia juu ya ungo mpaka sarafu za watu zikalowa.

Arobaini ikafika. Tukakusanyika Westville kwa binti, dada yangu naye yupo kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maji, kanuna. Uzi mwekundu nilikuwa nao, cha kufunga nao sina. Nikaona heri niwapakulie watu pilau, angalau hilo nalijua. Nikashika mfuniko wa ile sufuria yangu kubwa, nikainua, kishikio kikabaki mkononi, mfuniko ukaenda chini kwa kishindo, na kitu kidogo cheusi kikabingirika hadi miguuni kwa mume wangu.

Akakiokota. Akasema msihangaike, iko rondeli yake tu, yaani ile washa, kiduara chenye tundu cha kukazia skrubu, aliyoiweka chini ya kishikio siku ile, aliiokota rafuni. Akaifuta kwenye shati. Akaifuta tena. Akaisogeza dirishani, akasoma maandishi yaliyozunguka tundu.

"Mama watoto," akasema, "uliniambia kubwa."

Sikujua nimpige na mfuniko au nimkumbatie. Miezi yote ile nilikuwa nikiinua mfuniko ule kila mlo, senti ya mama iko chini ya vidole vyangu inapigwa na mvuke wa wali, halafu mimi nakwenda kulipa ada benki. Dada akadai ipelekwe karibu na kamera. Akaitazama, imekaa kiganjani kwangu nyeusi tii.

"Ndogo vile?" akauliza. Tukaangua kicheko, mimi na yeye, tukacheka mpaka tukalia. Mjukuu wangu akafungwa senti inayonukia karafuu na bizari nyembamba. Picha ninayo.

Mfuniko ulirudi nyumbani bila kishikio, na kwa siku kadhaa nikawa nafunika sufuria kwa sinia. Jioni moja nikakuta kishikio kimekaza barabara, na chini yake duara jipya linang'aa manjano. Nikaenda kwenye kile kiberiti. Ndani ilibaki pamba. Nikatoka na mfuniko mkononi, nikamkuta ukumbini na keekee yake ya kutobolea chuma, anafagia unga wa chuma.

"Na Tanga je?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Tanga tutaenda kwa chapati."