Kisahani Nilichokitupa

Kiboko alikufa ufukoni mwa ziwa karibu na Mulongwe, na sisi watu wa labo, yaani maabara, tukaitwa kutafuta kilichomuua. Mimi ndiye niliyeingiza pamba kinywani mwake. Harufu yake ilinifuata mpaka nyumbani Kilibula. Siku tatu baadaye, kwenye kisahani kimoja cha kuoteshea vijidudu vya ile pamba yakaota madoa ya njano ambayo sikuwahi kuyaona. Nikaandika "uchafu" juu ya kifuniko, nikakitia kwenye ndoo ya taka.

Mwenzangu akakiokota. Ni dada niliyemfundisha kazi mwenyewe, ndiyo maana ananiita yaya, kama mkubwa wake wa kuzaliwa. Kwa miezi mingi aliyaotesha upya madoa yale, akayalinganisha na yanayojulikana, akatuma mengine ng'ambo yakachunguzwe asili yake. Jibu likarudi: ni bakteria mpya, hakuna aliyewahi kuieleza. Nilimpongeza kwa meno. Moyoni nilikuwa naungua.

Likabaki jina. Katika kazi yetu ni aibu mtu kuipa bakteria jina lake mwenyewe, basi akanijia na karatasi mkononi.

"Yaya, nataka niipe jina lako. Ni weye uliitoa mu kinywa ya kiboko."

Niliona ananicheka. Nikamjibu, "Jina, mupatie kiboko wako."

Akampa kweli, kwa Kilatini. Kiboko hajui kusoma. Mimi najua, na jina hilo la kiboko limebandikwa ukutani, mbele ya meza yangu.