Njia ya Vilimani na Baba

Juzi niliona vijana wawili wakipanda kilima cha mawe nyuma ya Mkolani, mabegi mgongoni, wakicheka. Nikamkumbuka baba.

Alikuwa amepunguzwa kiwandani, na tangu mama afariki tulibaki wawili tu. Nauli hatukuwa nayo, tukakata vilima kwa miguu kwenda kwa bibi, Misungwi. Tulitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa juani. Kila penye kivuli cha jiwe baba aliketi, shati limelowa, kifua kikikoroma.

"Tutazame ziwa kwanza, mama," aliniambia.

Nilidhani baba yangu analipenda ziwa kuliko watu wote. Hata lilipopotea nyuma ya vilima aliendelea kuketi.

"Baba, hapa hakuna ziwa!" nilimcheka. Naye akacheka, akakohoa mpaka akainama. Sikujua kwamba alikuwa akitafuta pumzi.

Tulipofika, nilimwamkia bibi shikamoo. Alikuwa akimtazama baba, kiganja mdomoni.

"Nimekuletea mtoto, mama," baba alisema. "Umlee."

Nilikimbilia vifaranga nyuma ya nyumba, nikijua likizo imeanza. Kabla ya mavuno tulimzika baba pale pale uani.