Vitundu Vinane vya Paa la Kombi

Nakumbuka mchana mmoja pale Mbekenyera, mwanangu, nilipowamwagia maji akina mama waliokuwa wamekaa kimya wakisubiri kupimwa, na mimi ndiye niliyekuwa naitwa fundi. Usicheke bado. Paa hili unalolala chini yake nililijenga kwa kile nilichofundishwa siku ile, na aliyenifundisha alikuwa mama mfinyanzi ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake.

Kwanza unijue nilivyokuwa. Shule niliishia darasa la tatu. Ufundi niliupata kwenye vyuma chakavu walivyoacha Wazungu wa mradi wa karanga huku Nachingwea. Nilikuwa nafungua bolti zilizoshika kutu, nanyoosha mabati, nakata madebe, natengeneza ndoo na karai na vibatari. Hakuna aliyenishika mkono. Miaka ile ya sabini na kitu, kabla sijatimiza ishirini na tano, nilikuwa na kibanda changu karibu na soko, na mwenye tangi linalovuja au nyumba ya kuezeka alikuja kwangu. Najisifu, ndiyo. Yote niliyapata kwa jasho langu, nani anikataze? Lakini kijana aliyejifunza peke yake ana ugonjwa mmoja: hawezi kusema "sijui." Anaogopa kwamba akilitamka mara moja tu, watu watakumbuka kuwa hakusoma.

Basi, msimu mmoja wa mvua kombi ya kliniki ikasimama mbele ya kibanda. Haikuwa kombi ya kawaida. Ilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu wanaotembea nchi za watu na kulala humo humo garini. Ndani ilikuwa na kitanda, kabati, na sehemu ya jiko. Na paa lake lilikuwa linainuka! Unalisukuma kwa mikono, linanyanyuka kama kifuniko cha sanduku, na ubavuni turubai linajikunjua linakuwa ukuta, mtu mzima anasimama wima. Wafadhili waliitoa msaada, ikafanywa kliniki ya kutembea vijijini.

Aliyekuwa nayo ni Sista Adelina, mkunga, Mhaya wa Bukoba aliyeletwa kwetu kikazi. Wengine wakiletwa kusini walikuwa wanaomba uhamisho kabla hawajafungua sanduku la nguo. Yule mama alijifunza salamu za Kimwera ndani ya mwezi mmoja, na tope likifunga njia alikuwa analala kwenye kombi yake mpaka pakauke. Dereva wake alikuwa Komba, Mngoni, mtani wangu.

"Fundi, paa linavuja," Sista akaniambia. "Maji yanadondokea katikati, juu ya kitanda cha kupimia. Kadi zinalowa, pamba inalowa. Mkubwa wangu amesema tunakwenda Mbekenyera na Malolo, na tukirudi akikuta ndani kumelowa tena, gari linawekwa uani mpaka mvua ziishe."

Tulikuwa mwezi wa kwanza. Mvua za kwetu ziishe lini? Hesabu mwenyewe. Miezi mitatu, minne, vijiji vyote vile bila mkunga, tena wakati ambao hata baiskeli haipiti.

"Umeshawahi kutengeneza paa la namna hii?" akaniuliza.

"Mengi tu," nikasema.

Mwanangu, sikuwahi hata kuliona.

Komba akaguna. "Mengi tu, wapi? Nyinyi Wamwera paa likivuja si mnahamisha kitanda?"

"Na nyinyi Wangoni mnahamisha nyumba," nikamjibu, nikapanda juu.

Ukingo wa paa lile ulikuwa na mfereji mwembamba umezunguka pande zote, na kwenye sakafu ya mfereji nikaona vitundu. Vidogo, ncha ya kidole cha mwisho haipenyi. Nikavihesabu, vinane. Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku wake. Mbona kazi rahisi! Nikachemsha lami kwenye debe, nikaviziba vyote vinane, kisha nikaupaka ukingo mzima mpaka ukang'aa. Nikamwambia Sista nitasafiri nao nione kazi yangu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa pale nitakaposifiwa.

Mvua ilitupata kabla ya Ruangwa, ikatusindikiza njia nzima. Paa limefungwa, ndani hata tone. Nikawa namgusa Komba begani: "Umeona? Umeona?" Komba anatazama barabara tu.

Tulipofika Mbekenyera mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Akina mama wa kwanza wakaingia na matumbo yao, wakaketi. Sista akapanga kadi. Komba akasukuma paa liinuke.

Maji ya njia nzima yalikuwa yamejaa kwenye ule mfereji, hayana pa kutokea. Paa lilipoinama yakakimbilia upande mmoja, yakaruka ukingo, yakashuka ndani kwa mkupuo kabla turubai halijajikunjua. Juu ya kadi. Juu ya pamba. Juu ya vichwa vya watu.

Mama mmoja wa makamo, khanga imemganda mwilini, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Ahsante, fundi," akasema. "Leo nilikuwa sijaoga."

Walicheka mpaka wale waliokuwa nje wakachungulia. Huyo ndiye Bi Mwanahawa, mfinyanzi wa pale Mbekenyera. Alikuwa amemleta binti yake Zaituni, mimba ya kwanza.

Sista Adelina peke yake hakucheka. Alikuwa anaokota kadi moja moja, anazikausha kwa kuzigandamiza kwenye sare yake. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Basi. Tukirudi nitakabidhi ufunguo."

"Ufunguo wa nini?" Bi Mwanahawa akauliza.

Akaelezwa. Kicheko kikamtoka usoni. Akamtazama binti yake, akamtazama Sista. "Huyu anajifungua mwezi wa tatu," akasema. "Na hilo gari litakuwa uani?" Hakungoja jibu. "Nionyesheni hilo paa."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Nikasema, "Mama, hili ni gari. Si chungu."

"Maji yanajua hiyo tofauti?" akaniuliza.

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Mvua ilikata mchana ule, jua likatoka kali. Akasema paa liachwe wazi turubai likauke kabisa. Akaagiza majivu jikoni kwa jirani, akayachekecha kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama unga, akaingia ndani akayapaka kwa kiganja, kwenye mshono wa turubai, kwenye vyuma, kwenye bawaba, kila mahali. Alikuwa akifanya kwa adabu, kama anampaka mtoto poda. Kisha akanipa kata ya maji.

"Panda. Mwaga taratibu. Anzia chini."

"Mvua inatoka juu, mama."

"Ndiyo maana hujui inapoingilia. Ukianzia juu, maji yanapita kote kwa pamoja, utajuaje? Anzia chini, mimi nikiwa humu naangalia. Nikinyamaza, panda kidogo."

Nikamwaga. Kimya. Nikapanda kidogo. Kimya. Nilipofika kwenye pembe ya nyuma, akapiga bati kwa ndani, ngo! Nikashuka kuangalia. Majivu ya pale yalikuwa yamekuwa meusi, mstari mwembamba kama uzi. Mshono ulikuwa umeoza kiasi cha urefu wa kidole. Kutoka pale, mstari ule ulikuwa unafuata chuma kinachobeba turubai, unakwenda, unakwenda, mpaka katikati juu ya kitanda ndipo unapodondoka. Sisi wote tulikuwa tunalalamikia katikati. Maji yalikuwa yanaingilia pembeni.

Nimefanya kazi na mainjinia baada ya hapo, watu wenye vyeti vya kuning'iniza ukutani. Sijamwona mwingine aliyetafuta kitu kwa utulivu ule.

Halafu akapanda juu mwenyewe. Komba akamshikia ngazi. Akaangalia lami yangu, akaibonyeza kwa ukucha.

"Na hapa palikuwa na nini?"

"Vitundu, mama. Vinane. Nimeviziba."

"Vimetobolewa na kutu?"

"Hapana. Vilikuwa mviringo safi."

"Vilikuwa vimepangana?"

Nikafikiri. "Vilipangana. Kila pembe viwili."

Akashuka ngazi taratibu, akasimama mbele yangu. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mtu ametengeneza gari zima, na kitanda, na paa la kuinuka. Akachukua taabu ya kutoboa vitundu vinane, sawasawa. Wewe ukamwona mjinga. Hukujiuliza hata mara moja alikuwa anataka nini?" Akakung'uta majivu mikononi. "Baba, mimi chungu cha kupikia chakula kwa mvuke nakitoboa matundu kwa mkono wangu. Ukija ukaniziba matundu hayo, utakula nini?"

Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Nikamgeukia Sista Adelina, nikamwambia lile ambalo lilinishinda kusema Nachingwea: "Sista, nilikudanganya. Paa kama hili sikuwahi kuliona."

"Nilijua," akasema. "Mikono yako ilikuwa inasita. Sasa je, unaweza?"

"Sijui," nikasema. "Lakini nitafanya hawa wakiwa wanaangalia."

Mchana uliobaki nilikuwa juu ya ile kombi na kisu na mafuta ya taa, nabandua lami yangu mwenyewe. Kila kitundu nilikizibua kwa spoku ya baiskeli, nikapuliza, nikamwaga maji mpaka nikayaona yanatoka nje. Mshono wa pembe niliushona kwa uzi wa katani, na Bi Mwanahawa akaleta nta ya nyuki. Alinifundisha kuisugua kwa kijiko kilichopashwa moto, iingie ndani ya uzi, isibaki juu. Wala usiguseguse turubai kwa ndani likiwa limelowa, akasema, ukiligusa unayaita maji. Tulipomaliza, akaendelea na foleni yake ya kliniki kama mtu aliyekuwa ametoka kuchuma mboga.

Malolo tulipigwa na mvua ambayo wazee wa pale waliisema mwaka mzima. Paa liko juu, Sista yuko ndani na mama kitandani. Mimi niko nje, nimelowa chapachapa, natazama vile vitundu. Vinane vyote vilikuwa vinatema maji pembeni, vizuri, kama vimefurahi. Sista akatoa mkono dirishani akanipa kadi. Nikaishika. Kavu.

Mkubwa wake alikagua tuliporudi, akapapasa kitanda, akafungua kabati, akasema liendelee. Kombi ile ilizunguka msimu mzima wa mvua. Mwezi wa tatu Zaituni alijifungua humo humo, njia ikiwa imefungwa na tope na mvua ikipiga paa. Mtoto wa kike. Niliposikia kwa Komba nilipanda baiskeli mpaka Mbekenyera na gunia la chumvi kumpongeza bibi yake. Alinipokea uani, mikono imejaa udongo.

"Fundi," akasema, "mjukuu wangu hakudondokewa."

Nimepewa sifa nyingi katika maisha yangu, nyingine nimejipa mwenyewe. Hakuna iliyofikia ile. Spoku yenyewe si unaiona pale ukutani kwenye karakana? Kila kijana anayekuja kutaka kazi namuuliza kama anajua kazi hii na hii. Anayejibu "sijui, nionyeshe," namchukua. Anayejibu "mengi tu," namtuma kwanza akachekeche majivu.

Basi sikia, mwanangu. Ukikuta kitu alichokifanya mtu mwingine na hukielewi, usikimbilie kukiziba wala kukivunja. Uliza kwanza kiliwekwa kwa sababu gani. Ukiona mahali pa kilio, fuata nyuma taratibu mpaka kilipoanzia. Na ulimi wako uuzoeze neno "sijui" ukiwa bado kijana, maana ukizeeka nalo halijatoka linakuwa zito kulisema, na watu wanalowa kwa sababu yako.

Mungu akujengee nyumba kavu na watoto wa kuijaza. Na siku paa lako litakapovuja, kwa kuwa litavuja, akuletee mtu wa kukuambia ukweli bila kupandisha sauti, nawe akupe masikio ya kumsikia. Amina.