Pima Maji Iliyoanguka

Walimwita Mama Ndoo, na jina hilo hakulipata kwa shangwe. Kwa miaka tisa alichota maji na kuyapandisha jukwaani kwenye saiti za ujenzi za watu, ndoo kichwani, huku mafundi wakimpigia kelele kutoka juu kana kwamba wanafukuza kuku. Nyumba alizozibebea maji zingejaza mtaa mzima, lakini hakuna aliyoigusa kwa mwiko. Fundi mmoja alimwambia wazi, "Dada, mwiko una wenyewe." Akapandisha ndoo yake, maana kibarua hana mdomo.

Kisha wakaja wafadhili. Walilipia mwaka mmoja wa mafunzo ya uashi kwa wanawake ishirini: mwalimu, vifaa, ovaroli, viatu na chakula cha mchana. Sharti lao lilikuwa moja. Darasa la kwanza lijenge chumba cha kweli, cha kulelea watoto wa wanafunzi. Mkaguzi akikipitisha, darasa la pili lingelipiwa; akikikataa, mradi ufungwe na kila mtu ashike njia yake na cheti chake.

Nyumbani, wifi yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi kavaa suruali! Kesho utamwomba kaka yangu wembe wa ndevu." Mama Ndoo hakukasirika. Wifi asiyetania ana lake jambo. Lakini siku moja, akipita mlangoni mwa ofisi ya mafunzo, aliona orodha ya walioomba nafasi katika darasa la pili, na wa kumi na saba alikuwa wifi huyohuyo. Alirudi nyumbani asiseme neno. Wifi naye, kama aliyehisi amejulikana, siku hiyo alipunguza utani.

Mwalimu wao alikuwa fundi mzee, mkali, asiyependa maneno mengi. Kwenye mlango wa stoo aliandika kwa rangi: UKIANGUSHA, SEMA. Anayeharibu kifaa akasema husamehewa; anayeficha hufunga virago, cheti hana. Na kifaa alichokipenda kuliko vyote ni pima maji, rula nene ya chuma yenye kichupa cha maji katikati. Ukiilaza juu ya ukuta, kiputo cha hewa ndani ya kichupa kikatulia katikati, ukuta umelala sawa. Alikuwa ameinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Nani aliiangusha? Mama Ndoo, wiki tatu kabla ya ukaguzi. Ilimteleza jukwaani ikapiga mawe. Alishuka mbio, akaigeuza huku na huku, hakuona ufa. Akaifuta, akairudisha kwenye sanduku lake. Kusema aliogopa. Kuijaribu au kuitumia pia aliogopa. Basi kozi za juu, yaani mistari ya mwisho ya matofali, alizokabidhiwa yeye na wenzake wawili, akazipima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, maji yakisimama usawa mmoja ncha zote mbili. Wenzake walimcheka. "Mama Ndoo na maji yake! Hata ukuta anataka kuunywesha!" Akacheka nao, akaendelea kupima.

Siku ya ukaguzi alikuja mama mmoja wa miwani, mpole, mwenye faili. Aliomba kifaa cha kupimia, na Mwalimu akaileta pima maji yake kama anayemtoa bibi harusi. Mkaguzi akailaza juu ya ukuta. Kiputo kikakimbilia kushoto. Akasogea hatua tatu, akaielekeza vilevile: kushoto. Kwenye kona: kushoto.

"Mwalimu, ukuta huu umeinama," alisema. "Pole sana, siwezi kuupitisha."

Mwalimu alivua kofia. Mzee huyu aliyewagombeza mwaka mzima hakumtazama mwanafunzi hata mmoja. "Kosa ni langu," alisema. "Wao walifanya nilivyowaelekeza."

Hapo Mama Ndoo aliona aibu kuliko aliyowahi kuiona. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hiki kilikuwa kinambeba mtu asiyehusika, pamoja na orodha nzima pale mlangoni. Alijua akifungua mdomo cheti kinaondoka. Akaufungua.

"Samahani, mama mkaguzi. Igeuze hiyo pima maji. Ncha yake ya kulia ije kushoto, mahali palepale."

Mkaguzi akaigeuza. Kiputo kikakimbilia kulia.

"Ukuta mmoja hauwezi kuinama kote kuwili," alisema Mama Ndoo. "Kifaa ndicho kibovu. Mwalimu alitufundisha kukijaribu hivyo wiki ya kwanza. Na aliyekiharibu ni mimi. Nilikiangusha, nikaficha."

Mkaguzi akaomba kipimo kingine. Wakaleta mpira wa maji. Mama Ndoo akauinua juani, akauchungulia kutoka ncha hadi ncha asije akaacha hewa ndani, kisha wakapima kona zote nne. Maji yakasimama usawa mmoja na ukuta pote. Mkaguzi akapima tena mwenyewe, akatabasamu, akatia sahihi. Wanawake ishirini wakapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Mama Ndoo alikaa chini juu ya mfuko wa saruji, akalia kwa raha, kama mtu aliyetua ndoo ya miaka tisa.

Walipotawanyika, Mwalimu alimjia na pima maji mkononi.

"Sheria unaijua."

"Naijua, Mwalimu. Nimeshafunga virago."

"Umesema."

"Nimechelewa."

"Umechelewa, ndiyo. Lakini umesema wakati ambapo kunyamaza kungekufaa." Akamwekea kile kifaa mapajani. "Cheti chako utapewa. Na hii chukua, mimi hainifai tena. Jumatatu utawaonyesha wanafunzi wapya jinsi inavyodanganya. Mimi nimechoka kupiga kelele."

Jumatatu darasa la pili liliketi kwenye matofali. Mstari wa mbele alikuwa wifi, ndani ya suruali ya mumewe iliyokazwa kwa kamba, macho chini. Mama Ndoo hakumtania. Alilaza pima maji, akaonyesha kiputo, akaigeuza, akaonyesha tena.

Wifi akainua mkono. "Sasa wifi... yaani, mwalimu. Mtu akiiangusha afanye nini?"

"Aseme," alijibu Mama Ndoo. "Siku ileile."