Nililinganisha spika za elektrostatiki mpaka masikio ya mzee yakafunga

Kamwene wakuu.

Haya yamenikuta mwenyewe, mwaka huu huu. Kuna sehemu nitaonekana mjinga, na nilikuwa mjinga kweli.

Naishi Mbeya na mzee wangu. Ni Mhehe wa Iringa, mwalimu wa kwaya mstaafu wa Kilutheri. Mama alitangulia miaka mingi iliyopita, na sauti yake imebaki kwenye kanda moja ya kwaya, anaimba sauti ya kwanza. Hatuna hata picha yake iliyo wazi. Tuna hiyo kanda.

Mwanzoni mwa mwaka daktari akatuambia masikio ya baba yanafunga, na vifaa vya kusikia havitasaidia sana.

Baba hakulalamika. Alisema tu, "Basi nimsikie mama yako vizuri mara kadhaa, halafu yafunge."

Nyumbani nilikuwa na sabufa, zile za kutikisa madirisha. Ukiweka ile kanda, besi za wanaume zinameza kila kitu. Mama humsikii kabisa.

Nikahamishia kanda kwenye flashi, tukaenda Iringa dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi mmoja mzee anayeuza na kutengeneza vyombo vya muziki. Kwaya ya baba ilikuwa inaazima vipaza sauti kwake enzi hizo.

Alikuwa na pea ya elektrostatiki, ndefu na bapa kama milango. Kwa msiozijua, ndani hakuna koni. Kuna ngozi nyembamba ya plastiki yenye umeme, inacheza katikati ya nyavu mbili.

Akamkalisha baba kwenye kiti, akawasha.

Wakuu, mama aliingia dukani. Nilisikia mpaka anavyovuta pumzi. Baba akacheka huku machozi yanamtoka. "Huyo huyo. Ubeti wa pili bado anawahi, nilimkanya mpaka nikachoka."

Mtu mwenye akili angezibeba siku ile ile. Mimi nikasema ngoja nilinganishe kwanza, si ndivyo tunavyofundishana humu kila siku?

Kwenye basi baba akaniambia, "Mchagua jembe si mkulima." Nikajifanya sijasikia.

Huku Mbeya, sokoni Mwanjelwa, kuna jamaa alikuwa na pea nyingine, juu elektrostatiki, chini spika ya kawaida ya besi. Nikawa naenda na flashi yangu wiki baada ya wiki.

Kwa wanaotaka tofauti: ya Mwanjelwa ina nguvu, na unakaa popote sebuleni. Ila besi inaburuta nyuma, mama anakuwa kama yuko chumba kingine na kwaya yake. Ya Iringa haina besi ya maana, na ina kiti kimoja tu. Ukihama kidogo, mama kaondoka. Ukikaa pale, yupo.

Nilipokuja kuamua ya Iringa, ilikuwa Juni. Sabufa nikaiuza ili nipate nafasi sebuleni.

Bwana Jayanti alinionya zisipate vumbi wala moshi, maana ule umeme unavuta kila kinachoelea. Nikaitikia sawa, sawa.

Sasa mnaijua Juni ya Mbeya. Baba hakai sebuleni bila jiko la mkaa miguuni, hata mlango ukiwa wazi. Na kiti kilikuwa kimoja. Kwa hiyo jiko likakaa mbele ya spika, na mimi ndiye niliyekuwa nalipepea.

Siku ya nne zikaanza kulia ta-ta-ta kama bisi. Ya kushoto ikakata, kisha ya kulia. Nikazirudisha Iringa. Bwana Jayanti akazifungua, akakuta masizi na majivu.

"Kijana, ulikuwa unapika humu?"

Nikamweleza habari ya jiko la mkaa. Ngozi mpya zikaagizwa, zikachukua mpaka Septemba.

Baba alikuwa ananiuliza kila wiki zimefika wapi. Mwisho wa Agosti akaacha, maana hata nikimjibu hasikii. Siku hizi namwandikia kwenye daftari.

Zimerudi. Nikazipanga, nikamkalisha kwenye kiti, nikawasha. Mama yupo, pumzi na yote.

Baba akanitazama. Akanyanyuka, akaweka kiganja kwenye spika, akasubiri. Zamani alikuwa anaweka mkono kwenye ubao wa kinanda namna hiyo. Lakini hizi hazitikisiki, wakuu. Ni hewa tu.

Akanigeukia. "Washa basi."

Sikuweza kumwandikia kwamba zimewaka. Nilikaa chini nikalia, na yeye akadhani zimeharibika tena.

Nilichojifunza: kama kuna mtu anakusubiri, chukua kile kilichomfanya acheke, upeleke nyumbani siku hiyo hiyo.

Uwanja ni wenu, hata mkinitukana nimestahili. Ila kama kuna mtu wa Mbeya mwenye sabufa kubwa ya kuniazima jioni moja, naomba aje PM. Najua mzee atashika mtikisiko wa besi tu kwa kiganja, sauti ya mama hataishika. Lakini kwaya ataijua inaimba, na pale mama anapowahi ubeti wa pili, mzee anapakumbuka mwenyewe.