Mwongozaji Asiye na Upande

Imeelezwa rasmi, na kwa hiyo ni kweli, kwamba mwongozaji wa wageni hana upande. Akiwa kazini hana kabila, hana chama cha siasa, hana timu ya mpira wala ngoma anayoipenda kuliko nyingine. Agizo hilo lilisomwa mbele ya waongozaji wote wa ile ziara mpya ya miji ya kale ya mwambao wa ziwa, Mwanza hadi Musoma, na waliolisikiliza hadi mwisho walipewa soda.

Mihayo wa Igoma alikunywa soda yake na kulikubali agizo. Ni mtu wa miaka hamsini na kidogo, fundi redio aliyeachwa na redio. Kabla ya redio alikuwa mwimbaji wa Wagalu. Kwa asiyejua, Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, na kila Juni hukutana Bujora kushindana. Ngoma zote mbili huchezwa kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna wa kutoa maksi. Mshindi ni aliyevuta watu wengi, na wazee jukwaani huangalia tu umati umeelemea wapi. Watazamaji wanaruhusiwa kuhama, na wanahama. Ndiyo maana kila upande huwa na dawa yake ya mvuto, ambayo upande wa pili huiita ushirikina.

Kikundi cha Wagalu kilichomlea Mihayo ni cha mjomba wake, Mzee Ndalahwa wa Kisesa. Kilikuwa kimeshindwa miaka minne mfululizo. Mzee alikuwa ametangaza kwamba wakishindwa tena anakivunja, na ngozi za ngoma zitafanywa mikeka ya wajukuu.

"Siku ya Bujora utakuwa na wageni?" alimwuliza Mihayo.

"Ninao, mjomba. Kumi na wanne, wanatoka Tanga."

"Kumi na wanne ni watu."

"Mjomba, mimi sina upande. Nikionekana nina upande sipati kibali."

"Nani kataja upande? Nimesema kumi na wanne ni watu."

Wageni wenyewe walikuwa walimu wastaafu. Kiongozi wao, Bi Mwaija, alishaimaliza Kilwa, akaimaliza Bagamoyo na Pangani, na sasa pwani ilikuwa haina jipya la kumwambia. Pamoja nao alikuja Rose, binti mpole kutoka ofisini, aliyetumwa kuangalia kama Mihayo analifuata agizo. Kibali cha kudumu kingetoka au kisitoke kwa neno lake.

Siku ya kwanza haikuwa nzuri. Mihayo aliwapeleka ufukweni, Bi Mwaija akachovya kidole, akaonja.

"Mwanangu, maji haya hayana chumvi. Mwayaita mwambao?"

"Ndiyo, mama. Ni mwambao wa ziwa."

Aliwaonyesha yale mawe makubwa yaliyosimama majini, moja juu ya jingine.

"Nani kayapanga?"

"Mungu, mama."

"Basi hiyo si historia. Hayo ni maumbile."

Aliwaonyesha jengo la Wajerumani. Bi Mwaija aliuliza umri wake, akaambiwa, akasema kwao lingekuwa bado linahesabiwa jipya. Wakati huo nusu ya walimu walikuwa wanaangalia simu na nusu nyingine wanatafuta kivuli. Mihayo, ambaye zamani akifungua mdomo watu walitoka Magu kumsikiliza, aliendelea kuuelezea mti habari za Wajerumani.

Mchana walipita Mkuyuni. Hapo alitokea Shaibu, muuza kahawa, na birika lake juu ya mkaa, anagonga vikombe: ka-ka, ka-ka. Walimu wote kumi na wanne walisimama. Hakuna aliyeambiwa. Walimfuata Shaibu hadi kona, wakamzunguka, wakakaa kwenye kibaraza cha duka la mtu na kuanza kuzungumza habari za serikali. Bi Mwaija alifunga macho kwenye kikombe cha kwanza.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe mji upo."

Mihayo alisimama kando, akawahesabu: wote kumi na wanne.

Jioni alirudi Mkuyuni peke yake.

"Keshokutwa Bujora kutakuwa na watu," alimwambia Shaibu.

"Nikae wapi?"

"Popote unapoona panafaa. Ila upande wa magharibi una upepo, mkaa hautatulia."

Upande wa magharibi ndiko walikopangiwa Wagika. Lakini alichosema Mihayo ni habari ya hali ya hewa, na hali ya hewa haina kabila.

Siku yenyewe Wagika walileta chatu. Mchezaji alimvaa shingoni kama skafu, na uwanja mzima ukaelekea huko, wakiwemo walimu. Upande wa mashariki vijana wa Wagalu walirusha majembe juu na kuyadaka mbele ya watu wachache sana, wengi wao mama zao. Mzee Ndalahwa alikuwa anaimba huku akizitazama ngozi.

Mihayo alisimama katikati kabisa ya uwanja, mwavuli wa ofisi juu, uso kama ukuta. Rose alikuwa anamwangalia yeye tu.

"Wewe ungesimama wapi?" Bi Mwaija alimwuliza.

"Hapa nilipo, mama."

Ndipo kutoka mashariki ikasikika: ka-ka, ka-ka.

Walimu walimwacha chatu bila kuaga. Na kwa kuwa umati ukiona watu wazima kumi na wanne wanatembea haraka kwa pamoja hudhani kuna jambo, umati nao ukafuata.

Wazee walipotazama kutoka jukwaani, hawakuhitaji kutazama mara mbili.

"Wametumia dawa!" manju wa Wagika alilalamika.

"Dawa gani?"

"Kahawa!"

Wazee walishauriana, wakaona kahawa ni dawa halali, tena afadhali kuliko nyingine walizowahi kuziona pale. Mzee Ndalahwa alisema ngozi zianikwe vizuri, mwakani zitatumika.

Rose aliandika taarifa yake palepale uwanjani: mwongozaji alisimama katikati tangu mwanzo hadi mwisho na hakuonyesha upande wowote. Baba yake Rose ni Mgika. Aliiandika akiwa amekaa upande wa Wagalu, anamsubiri Shaibu amwongezee.