Siku Nyuni Alipolinda Mlango

Siku ile nyumbani kwangu, kijiji cha ndani ukitoka Msambweni, tulikuwa wanne. Mimi, Saumu. Riziki, mke wa mwanangu Bakari. Mwanajuma, binti yao, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua vizuri. Na Daktari Atieno, daktari wa watoto, mtu wa bara, asiye na undugu nasi ila ule wa kumpima mjukuu wangu.

Asubuhi yake ilikuwa ya mizani zahanatini. Watoto wananing'inizwa mmoja mmoja, wanalia, na Mutua mlinzi anawatania mama zao: "Huyu msimlishe tena, atakata kamba!"

Daktari alikuwa mkali. "Riziki, mtoto anaungua hivi, jana hukumleta kwa nini?"

Riziki akanitazama.

"Nilimkataza mimi," nikasema. "Hii homa ya nyuni. Mtoto wa nyuni hachomwi sindano, akichomwa hufa."

Nyuni kwetu ni ndege wa kijini. Akipita juu ya mtoto humkamata, mwili ukakakamaa, macho yakageuka.

"Bibi, hakuna nyuni. Ni malaria."

"Wewe hujazaa, utajuaje?"

"Nimezaa hawa wote wanaopiga kelele," akajibu, na wanawake wakaangua kicheko.

Kicheko hakijaisha, tukasikia risasi.

Tulikuwa tumeshasikia kuwa kuna vijana wamekusanyika msituni, wanataka kuwafukuza watu wa bara. Mutua naye wa bara. Akanisukumia daktari: "Mchukue, Bibi. Mimi nafunga lango."

Nikamvika daktari buibui langu, tukapita mikoroshoni.

Tulipoingia ndani tu, Mwanajuma akakakamaa mikononi mwa Riziki. Macho juu. Povu.

Daktari akafungua mkoba. Nikamshika mkono.

"Sindano hapana."

Akanitazama. Akaing'oa ile sindano kwenye bomba, akaitupa sakafuni. "Haya, sindano haipo. Dawa itapita nyuma, njia ya haja."

Nikamwachia.

Hodi.

Alikuwa Omari, mtoto wa dada yangu Mwanakombo. Panga mkononi, wenzake nyuma yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

"Yule daktari wa bara yuko wapi?"

Nikasimama kizingitini. "Omari, humu mna nyuni. Mjukuu wangu ameshikwa sasa hivi. Mwanamume hapiti hapa. Kivuli chako kikimwangukia mtoto, hapoi. Na mkeo ana mimba, nyuni atakufuata kwako."

Mwenzake akacheka. "Omari, unaogopa ndege?"

"Cheka wewe usiye na mtoto," Omari akamwambia. Akarudi kinyumenyume. Wakaenda.

Ndani, Mwanajuma akalegea, kisha akalia. Nimesikia kaswida nyingi maishani mwangu. Hakuna iliyonipendeza kama kilio kile.

Mutua walimuua langoni. Mkewe, Mwende, alijificha nyuma ya tangi la maji akaona yote. Zahanati ikafungwa muda mrefu. Katika muda huo Hassani, mtoto wa jirani yangu Mejumaa, alikufa kwa homa, na dawa zimo ndani, mlango una kufuli.

Daktari Atieno angeweza kwenda asirudi. Alirudi. Akanichukua hadi Kwale mbele ya wakubwa, akasema: "Hassani hakupigwa risasi, lakini vita ndivyo vilivyomuua. Zahanati ya watoto iwe ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa." Walimzungusha, naye hakuchoka kurudi, mpaka ikawa wakimwona akiingia tu wanavuta kiti. Chumba cha watoto kikajengwa. Wauguzi akawafunza: bibi akisema nyuni, usibishane naye, mwambie nyuni dawa yake iko hapa. Leo Mwanajuma anampeleka mwanawe pale pale, na mimi ndiye ninayemhimiza asichelewe.

Haya tumeyapata, wala siyaonei haya kuyasifu. Lakini Hassani angekuwa mtu mzima sasa. Na Mutua, lango lake halikuwa na nyuni. Lilikuwa na yeye tu, na kule kulifunga kwake ndiko kulikotupa nafasi ya kufika nyumbani.

Majina yote nimeyataja kama ninavyoyakumbuka. Nikiwa nimekosea, mliokuwapo nisahihisheni. Na Mwende akisema kwamba maneno ya Mutua ya mwisho si hayo niliyoyaandika, mfuateni Mwende. Mimi nilikuwa nimeshaligeuzia lango mgongo.